Kibali cha Kifusi

Fomu niliyopewa ilikuwa na nafasi ya mchanga, kokoto, matofali, nondo na mbao. Kila kilichotajwa kilikuwa kitu kinachoingia. Aliyeitunga alimfikiria mtu anayejenga, aliyeshushiwa tipa la mchanga mbele ya kiwanja chake na anaomba aachwe wiki mbili kabla hajaandikiwa faini. Hakumfikiria mtu anayetoa. Chini kabisa palikuwa na mstari ulioandikwa "Vinginevyo", na hapo niliandika neno moja: kifusi.

Afisa alilisoma, akainua macho. "Unaleta au unaondoa?"

Hakuwa anakejeli. Kwetu kifusi ni vitu viwili. Ni udongo unaonunua kwa tripu kujazia kiwanja kilicho bondeni, na ni mabaki ya ukuta baada ya nyundo kupita. Mara nyingi hata udongo wenyewe ni ule ule. Kinachobadilika ni nani anamlipa nani. Nikamwambia naondoa. Ni ubavu wa nyumba ya babu, vyumba vitatu vya matofali mabichi, umelala kuelekea barabarani tangu mvua zilizopita, na watoto wa shule wanapita chini yake asubuhi na mchana.

"Na unataka kuweka kontena."

"Siku 14 tu."

"Barabarani."

"Pembeni ya barabara. Uani halipiti, mlango wa ua ni wa baiskeli."

Akanitazama kama mtu anayetafuta ni faili gani ningeweza kukaa ndani yake.

Kwa nini kontena? Wazo halikutoka kwenye sinema. Fundi tuliyemwita alikuwa na mpango wa kawaida: vijana wanne, masururu, na toyo ya kubebea, tripu baada ya tripu. Tatizo la mpango huo ni kwamba ukuta huanguka haraka kuliko toyo inavyobeba. Kati ya tripu na tripu kifusi hukaa barabarani, na barabara yetu ina mtaro upande mmoja. Tabora mvua huanza karibu na Novemba. Tofali bichi likilowa halibaki tofali, linakuwa uji, na uji ule ungeingia mtaroni na kutoka kwenye nyumba ya jirani wa chini, ambaye tayari ana historia na familia yetu kuhusu maji. Mimi nilikuwa na likizo ya siku 28, na siku sita zilikuwa zimeshakwenda.

Kontena za taka tunazijua wote: zile za chuma zinazokaa kwenye maghuba sokoni, ambazo gari huja na minyororo, likazinyanyua na kuondoka nazo. Kukodi moja kwa ajili ya nyumba yako ni habari nyingine. Si viti vya harusi. Nilizunguka siku mbili hadi nikampata mkandarasi wa usafi mwenye kontena moja iliyokuwa imekaa bila kazi kwa sababu ya tundu sakafuni. Alikubali kuikodisha, akaziba tundu kwa bati na kulichomelea, kisha akasema sentensi iliyoninyima usingizi: "Sishushi mpaka nione karatasi."

Karatasi hiyo si ya mtaa peke yake. Watu wengi hudhani barabara inayopita mbele ya nyumba yao ni ya kwao kidogo. Wanafagia, wanamwagia maji vumbi, wanapanga mawe kuzuia magari yasikate kona. Lakini tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara hifadhi yake, ambayo mtu haweki kitu bila ruhusa. Kwa hiyo barua yangu ilipaswa kuanza kwa mwenyekiti wa mtaa, ipite kwa mtendaji, ifike kwa wanaohusika na barabara na wanaohusika na usafi, na kila mmoja alikuwa na swali lake. Nitaweka wapi. Itafunga upande gani. Usiku itaonekanaje. Kifusi kitakwenda wapi, maana kukitoa mbele ya nyumba yako na kukimwaga mbele ya nyumba ya mwingine si kukiondoa.

Hayo yote niliyajibu kwa siku moja. Swali lililobaki ndilo lilikuwa fupi kuliko yote. Mmiliki wa nyumba: ______.

Babu alifariki mwaka 1998. Alizaa watoto sita, wawili wamemfuata, mmojawapo akiwa baba yangu. Hakuna aliyewahi kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Si kwa ugomvi. Kwa adabu, nadhani. Kuuliza nyumba ni ya nani wakati shangazi anaishi humo kungekuwa kama kumwuliza lini anahama. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo nyumba imelipiwa kodi ya majengo kwa jina la marehemu, na hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu nyumba inayosimama haiulizi ni ya nani. Ikianguka ndiyo inauliza.

"Andika jina la babu," nilijiambia, na kalamu ilikuwa mkononi.

Afisa alikuwa ameshaona. "Dada, ngoja. Usiku bodaboda akiingia kwenye hiyo kontena akafa, mimi nimtafute nani? Nimtafute babu?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja pale nikidhani kibali ni ruhusa, kitu ambacho mtu mwenye mamlaka anakupa ili uweze kufanya jambo lako. Yeye alikuwa anakitazama kutoka upande wa pili wa meza. Kwake kibali kilikuwa jina. Alinipa njia mbili: nilete barua za usimamizi wa mirathi, jambo ambalo lina kikao cha ukoo, maombi na tangazo la mahakama ili mwenye pingamizi ajitokeze, na halingeisha ndani ya likizo yangu, au nilete barua iliyosainiwa na warithi wote, ikimtaja mtu mmoja atakayewajibika kwa kontena na kazi nzima. Sahihi za wino. Si picha za WhatsApp.

Nje, chini ya mwembe, kijana mmoja mwenye bahasha nyingi kwapani alinifuata. Kila penye foleni kuna kishoka. Alikuwa ameshasikia kila kitu. Kwa kiasi ambacho kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, alisema, angeniletea karatasi yenye mihuri yote keshokutwa, jina lolote nitakalo. Sitasema sikuhesabu. Nilihesabu siku za likizo, nikahesabu mawingu. Nikamwambia nitamjibu, nikaenda nyumbani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa anachambua mchele ukumbini, mgongo wake kwa ule ubavu ulioanguka, kama mtu aliyegombana nao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wamekupa?"

Nikamweleza yote, na la kishoka pia. Hakukasirika. Alipepeta mara mbili, akapuliza makapi. "Karatasi hiyo itaandikwa jina la nani?"

"Lolote tutakalo."

"Basi bodaboda akija kufa hapa, nikatoa karatasi ya mtu asiyekuwepo, itanilinda na nini?" Akaendelea na mchele wake. Yeye na afisa hawakuwa wamewahi kuonana.

Lazima nieleze hapa kuhusu neno hongo, kwa sababu kwa wiki mbili zilizofuata sikuweza kuacha kulifikiria. Leo lina maana moja, na lipo kwenye mabango ya TAKUKURU likiwa na mstari mwekundu juu yake. Katika karne ya 19, kwenye njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Msafara ulipoingia kwenye nchi ya mtemi, ulisimama. Wajumbe walikwenda na kurudi. Kilichodaiwa kilihesabiwa kwa doti, yaani yadi nne za kitambaa, na kwa ushanga na nyaya za shaba. Kitambaa kilichopendwa zaidi kiliitwa merikani kwa sababu kilifumwa Marekani. Mtemi alitaja kubwa, msafara ukataja ndogo, na siku zikaenda. Walipokubaliana, njia ilifunguka.

Ugogo ndiko hongo ilikokuwa nzito, na wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa kwa kulalamika. Nikiwasoma huwa niko upande wa Wagogo. Nchi ile ni kavu. Msafara wa mamia ya watu, na punda, na mbuzi, ukipiga kambi kwenye kisima, unakunywa maji ambayo wenyeji waliyapangia kuwafikisha kwenye mvua. Mtemi alikuwa anauza maji, na alikuwa na haki ya kuuliza mnaondoka lini. Magharibi ya Tabora, katika nchi ya Waha, Stanley alidaiwa hongo mara baada ya mara mwaka 1871 alipokuwa anakwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, hadi akaamua kupita usiku kwa siri ili asilipe tena. Vitabuni inasimuliwa kama ujanja. Ukiwa umekaa kwenye benchi la ofisi na namba yako mkononi, inasomeka kama mtu aliyeruka foleni.

Kati ya hongo ile na hii ya kishoka, ninayoiona mimi ni tofauti moja: ile ilitolewa mchana, mbele za watu, na kila aliyekuwepo alijua nani amelipa na nani amepokea.

Sasa, warithi. Ukitaka kuona ramani ya njia ya misafara, fuata watoto wa babu. Baba mkubwa yuko Ujiji. Shangazi yuko Tabora. Shangazi mdogo aliolewa Manyoni. Baba mdogo yuko Dodoma. Watoto wa baba mwingine, marehemu, wako Dar es Salaam. Hakuna aliyepanga hivyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya wapagazi, na baada ya reli ikaja lami, na familia za Tabora zimekuwa zikimwagika kwenye mstari huo huo kwa vizazi. Barua yangu ilipaswa kwenda magharibi, irudi, kisha iende mashariki hadi baharini, irudi tena. Nilimkabidhi kondakta wa basi la Kigoma kwenye bahasha ya kaki, nikamlipa kama kifurushi.

Ilirudi baada ya siku tatu bila sahihi.

Baba mkubwa alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Nilikuwa nimeandika "kubomoa nyumba ya marehemu", alikuwa amekata, akaandika juu yake: "kuondoa mabaki ya ubavu wa mashariki ulioanguka." Nikampigia simu, nikijitahidi sauti isionyeshe nilichokuwa nafikiri kuhusu siku tatu.

"Mwanangu," alisema, "karatasi hukaa kuliko watu. Mimi nikiondoka, mtu atafungua faili hilo aone tumesaini wote kubomoa nyumba. Atasema nyumba haipo, kiwanja ni kitupu, twende tukiuze. Na shangazi yako atakuwa amelala ndani."

Nikaandika upya. Ikaenda tena Ujiji.

Wakati naisubiri, Jumapili moja nilipanda bodaboda hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Lililopo leo limejengwa upya na ni makumbusho. Stanley aliondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti 25, zaidi ya miezi mitano, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Nilipokuwa shule tulipelekwa pale na tukaambiwa habari za upelelezi na utumwa. Hakuna aliyetuambia kwamba sehemu kubwa ya maisha kwenye njia ile ilikuwa kusubiri: kusubiri wapagazi, kusubiri vita ya Mirambo iishe ili njia ifunguke, kusubiri mtemi apunguze. Nilikaa barazani nusu saa. Palikuwa na upepo mzuri.

Barua ilirudi kutoka Ujiji ikiwa na sahihi ndefu ya kialimu, ikapanda basi la mashariki. Shangazi mdogo wa Manyoni alisaini siku hiyo hiyo, hakuuliza chochote, na alipoirudisha barabarani aliiambatanisha na chupa ya mafuta ya alizeti kwa ajili ya dada yake. Kisha ikaingia Dodoma, yaani ikaingia Ugogo.

Baba mdogo alinipigia mwenyewe. Alianza kwa kuniuliza kazi, afya, na kama nimepata mchumba. Kisha akasema amesikia kuna mabati.

"Yapo, baba. Yale ya juu ya vyumba vilivyoanguka."

"Mangapi?"

"Kama 30. Mengine yana kutu."

"Nitume mtu achukue 30. Na ule mlango."

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha kati, wa nakshi, fremu yake imechongwa maua na minyororo pande zote. Shangazi husema ulitoka Kwihara kwenye nyumba ya Mwarabu. Mimi sijui, Tabora kila mlango wa zamani ulitoka Kwihara, kama vile kila mwembe uliota kwenye kokwa lililotupwa na mpagazi. Lakini ulikuwa mzee kuliko nyumba, hilo fundi alilithibitisha kwa kugusa tu bawaba. Na afisa wangu, nilipomtajia mlango katika kumweleza kitakachoingia kwenye kontena, alisimama kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, alisema, inalinda milango na fremu zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940. Usiutupe, usiuuze kienyeji. Nilirudi nyumbani nikiwa na kitu ambacho sikuwahi kufikiri ningekipata kwenye ofisi ya kuombea kifusi: silaha dhidi ya baba mdogo.

Mazungumzo yalichukua siku tatu. Alishuka kutoka mabati 30 na mlango hadi mabati 20 na mlango. Nikamsomea sheria. Akasema kuuweka sebuleni kwake si kuuza. Shangazi akachukua simu. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia yeye tu akisema, "Wewe ulizaliwa nyuma ya mlango huo. Mimi nililishika taa." Kimya kirefu. "Basi 12. Na usaini leo." Mabati 12. Ukiuliza ni doti ngapi, sijui, lakini njia ilifunguka.

Dar ilikuwa rahisi. Binamu yangu alimwonyesha rafiki yake wakili, ambaye aliongeza kwa mkono "bila kuathiri haki za warithi wengine", na wote wakasaini. Mimi nilisaini kwa niaba ya wadogo zangu na nafsi yangu. Wa mwisho alikuwa shangazi, kwenye nafasi ya mwenye kuwajibika. Aliomba nimsomee yote tangu mwanzo, pamoja na lile la wakili. Kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, majina yote matatu. Aliishi katika nyumba ile maisha yake yote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye karatasi yoyote inayoihusu.

Ofisini mtendaji, Mzaramo mmoja mnene mwenye kicheko, aliisoma sahihi baada ya sahihi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo wanaouelewa wanasema ulizaliwa njiani, wapagazi wetu walipokuwa wakishukia kwao pwani. "Mnyamwezi amekodi kontena!" aliwaambia wenzake. "Babu zake wangehamisha nyumba nzima kichwani."

"Walibeba frasila mbili mbili hadi kwenu," nikamjibu, "na mkawauzia maji."

Alicheka hadi akashika meza. Frasila mbili ni karibu kilo 32, mzigo wa kawaida wa mpagazi, mbali na chakula chake na mkeka. Kwa hesabu hiyo ubavu wetu ulikuwa msafara wa watu wengi sana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Nilitumiwa kontroli namba kwenye simu, nikalipa kwa simu hiyo hiyo nikiwa nimesimama mlangoni, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kabla sijafika kwenye kiti. Kibali kilikuwa ukurasa mmoja. Kontena ikae upande usio na mtaro. Iwekwe alama za kuakisi pande zote na taa usiku. Kiingie kifusi pekee. Mwisho wa kukaa ulikuwa umeandikwa kwa tarehe, si kwa idadi ya siku, jambo ambalo lilinigharimu moja kwa sababu kilisainiwa jioni.

Kontena ilishushwa Jumatatu alfajiri kwa kishindo kilichoamsha mtaa mzima. Vijana walianza kutupa. Jioni ilikuwa imejaa robo. Jumanne asubuhi ilikuwa imejaa nusu, na hakuna aliyefanya kazi usiku.

Tuliangalia ndani. Godoro. Televisheni ya chogo. Gunia la pampasi. Viti vya plastiki visivyo na miguu, na miguu ya plastiki isiyo na viti. Mkandarasi alikuwa amesema wazi: akikuta kitu kisicho kifusi habebi. Nikaanza kupita mlango kwa mlango, na mama mmoja wa jirani, bila aibu hata kidogo, akaniambia, "Jamani, tulijua ni la serikali. Lina taa."

Kuanzia usiku huo shangazi alitoa kiti chake nje, akajifunga kitenge, akakaa kando ya kontena na redio. Hakumfukuza mtu. Aliwasalimia tu, kila mmoja kwa jina, kila mmoja na mzigo wake gizani, akauliza habari za nyumbani kwa urefu wake wote, hadi mtu akakumbuka kwamba alikuwa anakwenda mahali pengine. Usiku wa pili aliletewa kahawa.

Swali la kifusi kinakwenda wapi nilikuwa nimelijibu kwa jina la mtu ambaye mkandarasi alinitafutia, anayejenga bondeni na anahitaji kujazia. Alisaini barua ya kupokea. Siku ya tatu nilimsikia mkandarasi kwenye simu akimtajia mtu huyo bei ya tripu. Nilikuwa namlipa aondoe, na yeye analipwa alete. Faida ncha zote mbili za safari. Shangazi aliposikia hakulalamika juu ya ulafi. Alilalamika kwamba alikuwa hajaambiwa mapema. Alitoka, akasimama kwenye njia ya gari, na walipomaliza kuongea bei yetu ilikuwa imeshuka kwa tripu moja nzima. Pia alizuia lundo dogo la udongo laini lisibebwe. Wazee wa Unyamwezi huita mahali palipokuwa na nyumba itongo, na kila mkulima anajua itongo linazaa: kuta, jivu, mbolea ya mbuzi, miaka ya watu, vyote vimo. Alitandaza udongo ule mahali palipokuwa chumba cha kati, akapanda maboga kabla kontena haijaondoka.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, usiku, kwa saa moja. Kulipokucha nilikwenda kuangalia mtaro. Maji yalikuwa mekundu kidogo, si zaidi ya siku zote. Jirani wa chini alikuwa amesimama kwenye mlango wake akiangalia vile vile. Tukasalimiana.

Gari lilikuja siku iliyoandikwa. Mtendaji alifika mwenyewe na nakala yake, akazunguka mahali kontena ilipokuwa, akachungulia mtaroni, akasugua kwa kiatu alama mbili za chuma kwenye vumbi. Akaandika "imeondolewa", tarehe, sahihi. Shangazi akamwomba ile barua ya warithi irudi, akaambiwa inabaki kwenye faili, apige nakala. Alimtuma mtoto dukani akapige nakala nne.

Mchana baba mkubwa alipiga kutoka Ujiji. Kwa kuwa tumeweza kusaini wote, alisema, basi tuweke kikao cha ukoo kabla ya Krismasi, tumteue msimamizi, tumalize mirathi hii. Alikuwa ameshaandika ajenda. Nauli yake ya kuja na kurudi ingetoka kwangu, kwa kuwa ndiye niliyeanza.

Jioni kijana aliyetumwa kutoka Dodoma alikuja na kirikuu kuchukua mabati. Shangazi aliyahesabu kwa sauti, 12, akiyapanga garini moja moja. Kisha akalichomoa moja, akaliegemeza ukutani kando ya mlango wa nakshi.

"Mama, amesema 12," kijana alisema.

"Mwambie hilo la ulinzi," alisema shangazi, akaingia ndani.